Kabla hujamnyang’anya simu, muulize nyota zake tano za kwanza alizitumiaje

Babati. Chukua mfano wa nyumba moja ya kupanga mjini Babati, yenye vyumba viwili na sebule ambamo magunia ya mchele yamepangwa nyuma ya mlango kwa sababu stoo hakuna. Mama wa nyumba hiyo anauza mchele wa Magugu sokoni. Mwanawe wa kwanza yuko kidato cha pili, na mwishoni mwa mwaka ana mtihani wa upimaji wa kitaifa. Kwa sasa ni likizo ya Juni, saa mbili usiku. Ugali umeshaliwa, vyombo bado havijaoshwa, na kijana ameinamia simu ya mama yake tangu magharibi.

“Baba, hiyo simu haichoki?”

“Mama, naomba zamu tatu tu nimalizie.”

“Zamu za nini?”

“Za mchezo, mama. Najenga dola.”

“Na mimi nina mchezo, na zamu yangu ya kupokea ni Ijumaa. Wangu unaleta hela ndani ya nyumba. Wako unaleta nini?”

Kijana hana jibu. Anazima simu, anakwenda kuosha vyombo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Katika nyumba nyingi mazungumzo ya aina hii huishia hapo hapo. Mzazi anaona saa mbili zilizopotea, mtoto anaona kaonewa. Lakini mama huyu wa mfano ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani, kwa sababu mchezo anaoucheza mwanawe na mchezo wa kupeana anaoucheza yeye na wenzake sokoni unamuuliza mchezaji jambo lile lile: ukipata kidogo mwanzoni, unaanza na nini?

Mchezo wenyewe ni upi

Mchezo alioushika kijana unaitwa The Battle of Polytopia. Ulitoka mwaka 2016 na umetengenezwa na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo Midjiwan. Mzazi ataelewa haraka kwa nini unawafaa vijana wasio na hela: hauli nafasi kubwa kwenye simu, kuupakua ni bure, na mtu anaweza kuucheza peke yake dhidi ya simu bila kuwa na bando.

Polytopia ni mdogo katika ukoo mkubwa wa michezo ya kujenga dola. Unaojulikana zaidi katika ukoo huo ni Civilization, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 chini ya Mmarekani Sid Meier. Ukoo huu una undugu na Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyofahamu. Toleo la nne la Civilization, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, “Baba Yetu”, ambao Christopher Tin aliutunga kwa kutumia Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar imo kama mji wa biashara unaompa mshirika wake mdalasini na karafuu, na Mlima Kilimanjaro umo kati ya maajabu ya asili.

Michezo hii haina mbio wala kubonyeza haraka haraka. Inachezwa kwa zamu. Mchezaji anatazama alichonacho, anaamua, anafunga zamu yake, kisha wapinzani wanacheza zao. Akiweka simu chini katikati ya mchezo dhidi ya simu, hakuna kinachoharibika: kesho ataukuta pale pale alipouacha. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa “nimalizie kwanza nisije nikapoteza” anaweza kujibu kwa utulivu kwamba mchezo huu unasubiri.

Katika Polytopia mchezaji huchagua kabila. Manne yanapatikana bure: Xin-xi, Imperius, Bardur na Oumaji, na kila moja linaanza na ujuzi wake. Bardur wanajua kuwinda, Imperius wanajua kuvuna matunda, Xin-xi wanapanda milima, na Oumaji wanapanda farasi. Anaanza na mji mmoja, askari mmoja na nyota tano. Nyota ndiyo fedha ya mchezo huo. Sehemu kubwa ya ramani imefunikwa na mawingu, na kuna namna ya kucheza ambayo huisha baada ya zamu 30, ambapo mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

Thelathini zinaonekana nyingi. Wanaoujua mchezo huu watakwambia kwamba mtu anaweza kuharibu mchezo mzima ndani ya zamu tano za kwanza, wakati bado hakuna adui aliyeonekana.

Nyota tano, njia mbili

Tuseme kijana amechukua Bardur, wawindaji, na karibu na mji wake kuna wanyama wawili. Ana nyota tano mkononi. Kuwinda mnyama mmoja kunagharimu nyota mbili na kunauongezea mji mkazi mmoja. Mji ukipata wakazi wawili unapanda daraja la pili. Upande mwingine, teknolojia mpya ya ngazi ya kwanza inagharimu nyota tano, yaani mfuko wote.

Vijana wengi wanapoanza huvutwa na teknolojia. Ni kitu kipya, kina jina na kina picha. Kuwinda kunaonekana kazi ya kawaida.

Hesabu inasema vingine. Mji mkuu wa daraja la kwanza unaingiza nyota mbili kwa zamu. Ukipanda daraja la pili unaingiza tatu. Na mji unapofika daraja la pili, mchezaji anapewa kuchagua zawadi, mojawapo ikiwa karakana inayoongeza nyota moja kwa kila zamu. Jumla inakuwa nne. Mapato yameongezeka maradufu kwa gharama ya nyota nne tu.

Sasa walinganishe wachezaji wawili. Wa kwanza ananunua teknolojia kwa nyota zake zote tano. Zamu ya pili anapata nyota mbili, anawinda mnyama mmoja. Zamu ya tatu anapata mbili nyingine, anawinda wa pili, mji unapanda daraja. Mfukoni hana kitu.

Wa pili anawinda wanyama wote wawili katika zamu ya kwanza, mji unapanda, anachagua karakana, na anabaki na nyota moja. Zamu ya pili anapata nne, anakuwa na tano, ananunua teknolojia ile ile. Zamu ya tatu anapata nne nyingine.

Kufikia zamu ya tatu wote wawili wana teknolojia na wote wana mji wa daraja la pili. Tofauti ni kwamba mmoja ana nyota sifuri na mwenzake ana nne. Nyota nne ni bei ya askari wawili, na askari wawili wanaweza kuwa vijiji viwili. Wamenunua vitu vile vile kwa bei ile ile. Kilichowatenganisha ni kipi kilinunuliwa kwanza.

Karakana au mpelelezi

Zawadi ya daraja la pili ina upande wa pili. Badala ya karakana, mchezaji anaweza kuchukua mpelelezi anayetembea na kufungua mawingu, amwonyeshe vijiji, magofu na majirani waliko.

Karakana iliyopatikana zamu ya kwanza kati ya 30 itakuwa imeleta nyota 29 mchezo unapoisha. Ile ile ikipatikana zamu ya 25 italeta tano. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huchukua karakana mapema karibu kila mara, na kuwaachia askari wao kazi ya kufungua mawingu. Hapo ndipo lilipo kosa jingine la wanaoanza: wanamweka askari wa kwanza alinde mji ambao hakuna anayeujua. Askari huyo anatakiwa atembee. Kijiji hakichukuliwi kwa kupita tu. Askari anafika, anasubiri hadi zamu inayofuata, ndipo anakichukua. Kila zamu anayokaa nyumbani ni kijiji kinachochelewa.

Hata hivyo, kutojua kilichoko nyuma ya mawingu kuna gharama yake, na wakulima wa Babati hawahitaji simu kulijua hilo. Wilaya hii ni maarufu kwa mbaazi, na soko kubwa la mbaazi za Tanzania ni India. Agosti 2017, Serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei huku ikaanguka vibaya. Familia zilizokuwa zimeweka shamba lote na matumaini yote kwenye zao hilo zilibaki na magunia ndani. Shambani hawakuwa wamekosea kitu. Uamuzi uliowaumiza ulifanyika mbali, nyuma ya mawingu.

Kijana anayeujua mchezo wake vizuri anaweza kuambiwa kisa hicho na akakielewa kwa dakika moja. Pengine ndiyo mara ya kwanza atakapouliza mbaazi za nyumbani kwao zinakwenda wapi.

Ukuta, bustani na fedha ya papo hapo

Mji ukifika daraja la tatu, mchezaji anaulizwa tena: unataka ukuta wa kuulinda mji, au nyota tano sasa hivi? Daraja la nne ni kati ya kuongeza wakazi watatu na kupanua mipaka. Daraja la tano na kuendelea ni kati ya bustani inayoleta pointi 250 na jitu la kivita.

Hakuna jibu moja kwa maswali hayo. Ukuta ni mzuri pale adui anapoonekana mlangoni. Mwanzoni, kabla jirani yeyote hajajitokeza, ukuta ni nyota tano ulizozikataa. Bustani nayo haina ubaya. Inaleta pointi, na pointi ndizo zinazohesabiwa mwisho. Ila anayeikimbilia wakati bado anahitaji nguvu ya kupanuka anapata sifa huku wenzake wanapata ardhi.

Mama wa nyumba ile ya mfano angeyasikia haya angetabasamu, maana Ijumaa inakuja. Wako wanawake 12 pale sokoni, kila mmoja anatoa Sh50,000 kwa wiki, na wiki hii ni zamu yake kupokea Sh600,000. Kichwani mwake kuna mambo matatu. Kuna uzio wa matofali kwenye kiwanja alichonunua na ambacho bado hajajenga. Kuna makochi, kwa kuwa wageni wakija wanakaa kwenye viti vya plastiki. Na kuna mchele, ambao msimu huu wa mavuno bei yake iko chini, na miezi michache mbele utapanda.

Uzio ni ukuta. Makochi ni bustani. Mchele ni mnyama wa kuwindwa zamu ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo wanawake wanaocheza mchezo wa kupeana wanalijua kuliko mchezaji yeyote wa simu: namba unayopokea ina maana. Anayepokea wiki ya kwanza amepata Sh600,000 akiwa ametoa Sh50,000 tu. Zilizobaki ni mkopo usio na riba kutoka kwa wenzake, atakaoulipa kidogo kidogo kwa wiki 11 zinazofuata. Akiuingiza kwenye biashara inayozunguka, mchango wa kila wiki utatoka kwenye faida. Akiununulia makochi, kila wiki atachomoa Sh50,000 kwenye mtaji wa mchele, na ndipo watu wanaanza kupishana njia sokoni. Anayepokea wa mwisho hana mkopo. Amejiwekea akiba yake mwenyewe, na akinunua makochi hadaiwi na mtu.

Makochi ni yale yale. Zamu ndiyo tofauti.

Kukua kuna bei

Mchezo una mtego mwingine ambao wanaoanza hawauoni kwa sababu hautangazwi kwa kelele. Kila mji mpya unaoongezwa kwenye dola unapandisha bei ya teknolojia. Mwenye mji mmoja analipa nyota tano kwa teknolojia ya ngazi ya kwanza, sita kwa ya pili na saba kwa ya tatu. Mwenye miji mitatu analipa saba, 10 na 13.

Hii haimaanishi mtu abaki na mji mmoja. Dola yenye mji mmoja inamezwa. Inamaanisha kwamba kama askari wako amesimama kwenye kijiji na zamu hii atakichukua, na una nyota za kutosha kununua teknolojia unayoihitaji, nunua kwanza, kisha chukua kijiji. Ndani ya zamu ile ile, kugeuza mpangilio wa mambo mawili kunaokoa nyota moja, mbili au tatu.

Hapo pia mama anaweza kuongeza la kwake. Mwenye meza moja sokoni analipa ushuru wa meza moja. Akifungua ya pili Magugu, kuna nauli, kuna msaidizi wa kulipwa, kuna mchele unaopungua bila maelezo. Kama kuna kitu cha kujifunza, mfano kutunza daftari la mauzo, ni rahisi zaidi kujifunza ukiwa na meza moja kuliko ukiwa nazo tatu na madeni matano.

Babu aliyajua haya bila simu

Wazazi wanaodhani fikra za namna hii zimekuja na simu wanasahau ubao uliochongwa mashimo manne kwa manane. Bao la Kiswahili nalo ni mchezo wa zamu, na mwanzo wake ni mgumu kuliko wa Polytopia.

Kila mchezaji ana kete 32. Kumi zinapangwa ubaoni: sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili jirani. Zilizobaki 22 anazo mkononi, na anaziingiza moja moja kila zamu. Hiyo ndiyo hatua ya namua. Kete za mkononi zikiisha ndipo inapoanza hatua ya mtaji, na hapo hakuna tena akiba ya pembeni. Unacheza na kilichomo ubaoni.

Swali kubwa la namua ni nyumba. Kete ya mwisho ya mwendo wa kula ikiangukia ndani ya nyumba, mwenyewe ana hiari: alale hapo, nyumba izidi kunenepa, au azichukue zote aende safari. Akienda mapema mno, anatawanya nguvu zake kabla hajajua mwenzake amejipangaje. Akichelewa mno, mwenzake anaila nyumba nzima kwa mkupuo mmoja. Na nyumba ikishavunjwa, haki yake haipo tena.

Mzee anayejua bao na mjukuu anayejua Polytopia wana mengi ya kuambiana. Wote wawili wanajua kwamba mchezo huamuliwa kabla ya vita kuonekana. Wakikaa pamoja jioni moja, kila mmoja na mchezo wake, huenda mjukuu akagundua kwamba babu, asiyejua kufungua hata ujumbe wa simu, anamshinda kwa kuona mbali.

Yale ambayo mchezo hausemi

Mzazi anayekaa na mtoto atazame pia kinachokosekana. Katika Polytopia, kijiji kinasubiri kuchukuliwa. Hakina wazee, hakina mkutano, hakina makaburi. Askari anasimama juu yake na zamu inayofuata kinabadilika rangi.

Mtoto wa Manyara hafai kukua akiamini hivyo. Jirani tu na Babati, wilayani Hanang, serikali kupitia shirika lake la NAFCO na kwa msaada wa Canada ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika miaka ya 1970 na kuendelea. Kwenye ramani za wapangaji, ardhi ile ilionekana tupu. Kwa Wabarbaig ilikuwa malisho ya mifugo yao, yenye njia zake, visima vyake na makaburi ya wazee wao. Walipoteza ekari zipatazo 100,000, na kesi zilizofuata zilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji, na haikuandikwa hivyo kwa bahati.

Hili si la kumharibia mtoto mchezo. Ni la kumuuliza: “Hapa unapochukua, tuseme ndiyo kwa bibi yako. Ungependa waanze na nini, askari au mazungumzo?” Ni swali dogo, na linabaki kichwani muda mrefu kuliko hotuba.

La pili ni kitufe cha kuanza upya. Kijana akiharibu zamu tano za kwanza, anafuta na kuanza mchezo mwingine. Mama hana kitufe hicho. Sh600,000 zikitoka Ijumaa, zitarudi kwa zamu tu, wiki 12 baadaye kama kundi litaanza raundi mpya. Kidato cha pili nacho hakifutwi kirahisi. Ndiyo maana mchezo unafaa kuwa mahali pa kukosea kwa bei nafuu, ili somo lichukuliwe na kupelekwa kule ambako kukosea ni ghali.

La tatu ni muda. Kitabu cha maisha ya tajiri Elon Musk kilichoandikwa na Walter Isaacson na kutolewa mwaka 2023 kinaeleza jinsi alivyozama katika Polytopia hadi akaufuta kwenye simu yake kwa sababu ulikuwa unamjaza kichwa, kisha baadaye akaurudisha. Kama mtu mzima mwenye kampuni za kuongoza alishindwa kujizuia, kijana wa kidato cha pili asiachwe ajipimie mwenyewe.

Mzazi afanye nini

Kwanza, akae naye mchezo mmoja mzima. Zamu 30 hazimalizi jioni. Asiulize “unashinda?” Aulize “umeanza na nini, na kwa nini?” Mtoto anayeweza kueleza sababu anafikiri. Asiyeweza anabonyeza tu, na huyo ndiye wa kupunguziwa muda.

Pili, ukomo uwekwe kwa zamu, si kwa dakika. “Zamu 10 kisha vitabu” inaeleweka na haina ubishi, kwa sababu simu yenyewe inahesabu. Wakati wa masomo, na hasa muhula wa mtihani, mchezo uwe wa Jumamosi.

Tatu, makabila ya ziada yanauzwa kwa fedha halisi. Mzazi ahakikishe mtoto hana namba ya siri ya kulipia kwa simu, na amweleze kwamba manne ya bure yanatosha kabisa kujifunza.

Nne, mtoto apewe hesabu moja ya kweli ya nyumbani, aichambue kama anavyochambua nyota zake.

Hili la nne ndilo linaloweza kubadilisha jioni ile ya Babati. Alhamisi usiku, kabla ya zamu ya mama, mazungumzo yangeweza kwenda hivi:

“Baba, njoo na kalamu. Kesho napokea laki sita. Kuna uzio, kuna makochi, kuna mchele. Ungekuwa wewe ungeanza na nini?”

Kijana anakaa. Anauliza gunia linauzwaje sasa, na mwaka jana mwezi wa kumi na mbili lilifika bei gani. Anauliza kama kiwanjani kuna mtu ameanza kusogeza mipaka. Mama anasema jirani amesogeza jiwe la mpaka hatua mbili.

“Basi mama, siyo mchele wote. Weka nguzo na waya upande huo mmoja. Matofali baadaye.”

Mama hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amegawanya mambo katika uzio wote au hakuna uzio. Anachukua kalamu mkononi mwa mwanawe na kuanza kupiga hesabu ya nguzo nane.

“Na makochi?”

“Makochi zamu ya mwisho.”

“Na vyombo?” anauliza mama, bila kuinua macho kwenye karatasi.

Kijana anacheka, anainuka kwenda kuviosha.